Mrejesho: Kambi ya Everest nimefika, nimerudi

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama mtu aliyewahi kufika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, anahitaji kweli siku 12 kwenda na kurudi kambi ya chini ya Everest, iliyo mita 5,364 tu. Nilitaka kubana ziwe 9. Asanteni mlionigombeza.

Msimu wa watalii, ndege nyingi za Lukla, mji wa Nepal ambako safari ya miguu huanzia, huondokea Ramechhap, saa kadhaa kwa gari, badala ya Kathmandu, mji mkuu, kwa hiyo tulitoka hotelini usiku wa manane. Mawingu yakatuweka uwanjani hadi kesho yake. Zile siku mbili za akiba mlizonishauri zikaanza kuliwa kabla sijapiga hata hatua.

Namche, mji wa njiani, mita 3,440, tulilala mara mbili mwili uzoee kimo, nikajiona mwamba. Dingboche, kijiji cha juu zaidi, mita 4,410, kichwa kikatwanga kama kinu, chakula hakipiti. Kiongozi wetu akakataa katakata kusonga mbele mpaka nipate nafuu. Kilimanjaro unagusa kilele na kushuka siku hiyohiyo. Huku unalala juu usiku baada ya usiku, hadi Gorak Shep, kituo cha mwisho cha kulala kabla ya kambi, mita 5,164. Hapo ndipo hesabu yangu ilipokosea.

Na kambini kwenyewe kilele cha Everest hakionekani! Nilikiona kutoka Kala Patthar, kilima cha jirani, alfajiri, vidole vimekufa ganzi.

Aliyeniambia nibebe rupia za Nepal taslimu, nina deni lako. Kuchaji simu, maji ya moto ya kuoga, intaneti, vyote vinalipiwa, na bei inapanda mlima pamoja nawe.