Shokapu ya goti kwa wachukuzi: mafuta, sumaku au msuguano?

Mwana_wa_Konde
Asalaam alaykum. Nafanya mradi wa mwaka wa mwisho: kiunzi cha kuvaa miguuni, mzigo ukae kwenye fremu ya mgongoni na uzito uteremkie ardhini kwa vyuma. Nyonga na kifundo nishaamua, springi. Goti ndilo linaloninyima usingizi. Mtu akitembea, kazi kubwa ya goti ni kuzuia, na akiteremka ndo zaidi. Kwa hiyo nataka shokapu, sitaki mota. Ninazo tatu: ya mafuta na vali, ya mafuta yenye chembe za chuma yanayogandishwa kwa sumaku, na ya msuguano kama breki ya baiskeli. Ipi?

Fundi_Vespa
Ya msuguano itoe leo hii. Kwa chumvi yetu ya pwani, breki asubuhi inashika, jioni inateleza, kesho imeng'ang'ania. Goti ling'ang'anie mtu yuko na polo la mchele la kilo 50? Utamzika.

Ya mafuta naijua. Ukiibonyeza taratibu mafuta yanapita tunduni, ukiibonyeza kwa pupa yanakataa. Adui yake ni sili, ule mpira unaoyazuia mafuta yasivuje. Juzi nimefungua shokapu ya kijana mmoja wa Nungwi: shafti imeota vipele vya kutu, kila ikipanda na kushuka inaukwangua mpira. Ndani hamna hata tone.

Karafuu_Mbichi
Ya sumaku ishajaribiwa. Mwaka 2007 watafiti Walsh, Endo na Herr wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, waliiweka gotini, springi nyonga na kifundo, kama wewe. Umeme wati 2 tu. Mzigo kilo 36, na mguu mmoja ukiwa chini, wastani wa asilimia 80 ya uzito ulishukia ardhini kupitia kiunzi. Uzuri wake inabadilika ndani ya milisekunde: laini mguu ukirushwa mbele, ngumu ukikanyaga.

Ila aliyevaa alitumia oksijeni asilimia 10 zaidi kuliko aliyebeba mzigo ule ule kwa begi la kawaida. Chuma chenyewe nacho kinabebwa, yakhe.

Mzee_wa_Bandarini
Mimi nimekuwa hamali bandari ya Malindi, Unguja, miaka mingi, magoti yangu ndo cheti. Fremu ya mgongoni! Polo sisi tunalitia begani, tunaliegemeza shingoni, na kwenye ubao wa jahazi unaliachia kwa kuinamisha bega tu. Hilo dude lako nani atanifungulia?

Mwana_wa_Konde
Shikamoo mzee wangu. Hilo sikuliwaza kabisa.

Bi_Mkoani
Mie nauliza joto. Shokapu haili nguvu ikapotea, inaigeuza moto. Huku Mkoani, Pemba, toka juu hadi gatini ni mteremko tu. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, goti linalegea mtu akiwa katikati ya kilima. Ya sumaku nayo ni mafuta pia, msiipambe.

Mwana_wa_Konde
Basi naanza na ya mafuta, vali ya kugeuza kwa mkono, mapezi ya kupoza nje, na mpira wa mikunjo kuifunika shafti. Fremu naichora upya, ifunguke kwa mkono mmoja. Mzee, nikija gatini utanionesha unavyoliachia polo?

Mzee_wa_Bandarini
Njoo asubuhi. Polo utalibeba wewe.

Fundi_Vespa
Ukitoka huko pitia kwangu, ile shafti ya Nungwi nimekuwekea kwenye kopo.