Corolla 110 inachemsha ikipanda Marangu tu. Nifungue hedi?

Mama Neema, Kiboriloni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina Toyota Corolla 110, injini ya 5A, giya za mkono. Biashara yangu ni ndizi: nachukua Mwika, nashusha soko la Mbuyuni hapa Moshi. Mjini gari haina neno. Hata foleni iwe ndefu namna gani, mshale wa joto unakaa chini ya nusu. Tatizo linaanza nikitoka Himo kupandisha. Kabla sijafika Marangu Mtoni mshale nao unapanda, na hapo gari ni tupu, mzigo bado sijachukua. Nikisimama pembeni ikaunguruma kidogo, unashuka. Kurudi na ndizi zimejaa mpaka kiti cha nyuma haichemshi, kwa sababu ni mteremko.

Fundi wa kwanza alitoa themostati, ile vali inayofungulia maji ya injini yaende rejeta, akaitupa, akasema nchi ya joto haiitaji. Tangu hapo asubuhi inachelewa kupata moto, na mlimani inachemsha vilevile, naona hata imezidi. Fundi wa pili alisikiliza maelezo tu, hakufungua hata boneti, akasema gasketi ya hedi imeungua, yaani ile ya kuziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake), nifungue hedi ikaskimiwe, yaani uso wake usagwe uwe sawa.

Feni inazunguka, naisikia. Oili nimeangalia kwenye kijiti, ni nyeusi ya kawaida. Maji yanapungua kidogo kidogo ila sioni yanapodondokea. Rejeta ni ileile niliyoikuta, na aliyeniuzia gari alikuwa anajaza maji ya kisima.

Pesa ya kufungua hedi ndiyo mtaji wangu. Sitaki kuitoa kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

Mzee wa Spana, Unga Limited, Arusha

Marahaba, mama. Hedi iache kwanza. Gari yako sijaiona, siwezi kuapa kwamba gasketi ni nzima, lakini maelezo yako yanaelekea kwenye rejeta. Na umeeleza vizuri kuliko madereva wengi ninaowapokea hapa gereji.

Gari inayochemsha, cha kwanza kuuliza ni inachemsha wakati gani. Ikichemsha kwenye foleni ikapoa ukikimbia, tafuta upepo: feni, swichi yake, fyuzi, rilei. Ukikimbia upepo unaingia wenyewe, ndiyo maana inapoa. Yako ni kinyume. Kwenye foleni imetulia, kwa hiyo feni ipo kazini, na rejeta inamudu joto dogo la injini isiyo na kazi. Mlimani uko giya ya pili au ya tatu, umekanyaga mafuta, injini inachoma petroli nyingi na gari inatambaa. Hapo joto ni jingi na rejeta iliyoziba nusu haifichi tena. Haikuziba jana, mjini ilikuwa inapata nafuu tu.

Maji ya kisima nayashuku sana. Kila yanapopata moto yanaacha ukoko ndani ya mirija ya rejeta, na uwazi wa mrija mmoja ni milimita chache tu. Juu ya hapo bloku ya 5A ni ya chuma na hedi ni ya aluminiamu, maji matupu yanazila zote mbili, na kutu yote inakwenda kukaa kwenye rejeta.

Ipime hivi. Panda mpaka mshale uanze kusogea, egesha mahali salama, zima, toa ufunguo kabisa ili feni isije ikawaka mkono ukiwa pale. Kisha pitisha kiganja upande wa injini, karibu na uso wa rejeta bila kuigusa, kutoka juu kwenda chini. Joto linatakiwa kupungua taratibu. Ukikuta eneo la baridi katikati huku pembeni pake panaunguza, mirija ya hapo haipitishi maji.

Gasketi nayo ina vipimo vyake, haipimwi kwa kusikiliza maelezo. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, tazama maji. Viputo vya mwanzo vikaisha, hiyo ni hewa iliyobaki. Vikija mfululizo na ukikanyaga mafuta vikazidi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Shika na mpira wa juu wa rejeta kifuniko kikiwa kimefungwa: ukiwa mgumu dakika moja tu baada ya kuwasha, maji hata hayajapata moto, hiyo ni presha ya silinda. Na fundi makini ana kichupa chenye dawa ya bluu kinachokaa mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma. Moshi wa silinda ukiwemo, bluu inageuka njano. Ni kazi ya dakika chache. Anayetaka kufungua hedi yako akupimie hiyo kwanza, ageuze rangi mbele ya macho yako.

Sasa themostati. Hili linaniuma kwa sababu naliona kila wiki. Injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani kwa ndani kupitia njia ya mkato. Yakifika nyuzi 82 hivi themostati inafungua njia ya rejeta, na kisahani kilicho nyuma yake kinaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja: sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Ndiyo maana umeona mlimani imezidi. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinakataza kuitoa hata kama gari inachemsha. Na habari ya nchi ya joto haihusiki. Moshi kuwe na joto la nyuzi 33, injini bado inataka iwe juu ya 80. Nunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka yanapokaribia kuchemka, ndipo ifungwe. Kile kipini kinachochezacheza pembeni kikae juu, hewa ipate pa kutokea.

Na kifuniko cha rejeta, mama. Watu wanakidharau kwa sababu ni cha bei ndogo. Huku tunakoishi ni juu; maji ya wazi yanachemka karibu nyuzi 97 Moshi na karibu 95 hapa Arusha. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 (ni kipimo cha presha) kinayabana mpaka yavuke nyuzi 115 bila kuchemka. Springi ikilegea au raba ikikatika, maji yanachemka kwenye joto ambalo kwa injini ni karibu la kawaida, tena unavyozidi kupanda yanachemka mapema zaidi. Kinaweza pia kuwa ndicho kinachokupunguzia maji bila kuona tone.

Kwa sasa ukilazimika kupanda: zima AC, fungua hita mpaka mwisho na madirisha yote. Hita ina rejeta yake ndogo, itakupunguzia joto mpaka ufike pa kusimama. Mshale ukipita robo tatu, simama, usibembeleze. Kifuniko usikiguse mpaka mpira wa juu upoe na uwe laini mkononi. Usimwagie injini maji ya baridi. Hedi ya aluminiamu inapinda, na kupinda chini ya sehemu ya kumi ya milimita kunatosha kuharibu gasketi ambayo leo ni nzima.

Dereva wa Sanawari

Naunga mkono la kuuliza wakati gani. Yangu ni 110 pia, ilikuwa inachemsha kwenye foleni ya Sanawari jioni, nikishafika Ngulelo barabara imefunguka inapoa. Kumbe swichi ya joto iliyoko chini ya rejeta imekufa. Jaribio lake ni rahisi: funguo iwe ON, chomoa waya wa ile swichi. Kwenye hizi Corolla feni inatakiwa izunguke waya ukichomolewa. Ikizunguka, feni na rilei ni nzima, badilisha swichi. Dada yetu feni yake inafanya kazi, hili si lake, nimeliweka kwa wengine watakaosoma.

Kijana wa Pasua

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, mimi niliambiwa rejeta, nikabadilisha rejeta, kumbe ilikuwa gasketi. Pikapu ya dizeli. Nimepoteza pesa mara mbili. Kwa nini mama asifungue tu hedi amalize?

Mzee wa Spana, Unga Limited, Arusha

Marahaba kijana wangu. Pole sana. Ila jiulize: kabla ya kununua rejeta kuna mtu alipima viputo? Alishika mpira wa juu asubuhi? Kama hakuna, ulichokosa ni kipimo, na mama naye akifungua hedi bila kupima atapita njia ileile kwa kuanzia upande mwingine. Dizeli za zamani hedi zake hazivumilii joto, kwa hiyo kwako gasketi ilikuwa ya kushukiwa mapema. Dalili zake ungeziona: moshi mweupe asubuhi usioisha na una harufu tamu kama kuna kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta), plagi moja safi kuliko wenzake kwa gari za petroli, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama ameangalia oili, ni nyeusi. Si ushahidi wa mwisho, gasketi inaweza kupasuka kati ya silinda na maji bila kugusa oili, ndiyo maana nimemwambia apime.

Mama Neema, Kiboriloni

Nimerudi na majibu. Mzee, Mungu akubariki.

Asubuhi nimefungua kifuniko gari ikiwa baridi. Viputo vichache, vikaisha. Nikakanyaga mafuta, maji yakatulia. Nikazima, ikapoa tena, nikafunga, nikawasha nikashika mpira wa juu: laini. Nimempata fundi huku Majengo mwenye ile dawa ya bluu. Imebaki bluu. Nimekaa nayo macho mpaka alipoitoa.

Halafu nimepanda Himo. Nimeegesha pale mshale ulipoanza, nikatoa ufunguo, nikapitisha mkono. Juu moto mkali, pembeni moto, katikati kuelekea chini kuna eneo la upana wa viganja viwili limepoa kabisa. Na nimeona kitu kingine. Pale tangi la plastiki la juu linapoungana na bati la rejeta kuna mstari mweupe mkavu, kama wa chumvi, umeshuka mpaka katikati. Fundi anasema maji yanatoka pale kwa mvuke yakiwa na presha tu, yanakauka kabla ya kudondoka.

Tumevua rejeta. Fundi rejeta amekunjua meno ya tangi akalitoa. Mirija ya katikati haionekani tundu, kumejaa ukoko wa kahawia, na ndani yake kuna chenga za njano. Anasema ni manjano, watu wanaweka ili kuziba pancha. Mimi sijaweka, basi ni kabla yangu. Kusafisha amekataa, anasema aluminiamu hii akipitisha waya itatoboka. Nimenunua rejeta mpya, themostati na kifuniko cha 0.9. Kesho tunafunga. Kuna la kuzingatia?

Mzee wa Spana, Unga Limited, Arusha

Lipo, na ni kubwa. Rejeta mpya isifungwe kabla ya kuosha bloku. Yale uliyoyaona kwenye mirija yapo pia ndani ya injini, na ukifunga leo yatahamia kwenye rejeta mpya. Wakiwa wameshavua rejeta, themostati ikiwa bado nje, waingize mpira wa bomba upande wa juu, maji yapite mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Wafungue na nati ya kumwagia maji kwenye bloku. Hapo ndipo tope linalala. Hita iwe imefunguliwa, nayo ioshwe.

Wakague mkanda wa oltaneta. Kwenye 5A ndio unaozungusha pampu ya maji, ukilegea pampu inateleza na utachemsha tena mlimani ukidhani rejeta mpya ni feki. Washike puli ya pampu waitikise. Ikicheza, au pale chini kwenye kitundu chake kuna alama ya maji, pampu nayo imechoka.

Kujaza: kulanti nusu na maji ya betri nusu, jumla inaingia kama lita 5 hadi 6. Ya kisima basi. Usichanganye kulanti nyekundu na ya kijani, chagua moja ukae nayo. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko kidogo, jaza taratibu, washa kifuniko kikiwa wazi na hita wazi, uangalie maji yakizama ujaze, mpaka mpira wa chini uwe wa moto na feni iwake na kuzima. Mpira wa chini ukiwa moto ndipo ujue themostati imefunguka. Kesho yake asubuhi tazama tena, lazima yatashuka kidogo, hewa ya mwisho imetoka.

Mama Neema, Kiboriloni

Tumefanya yote. Bloku ilitoa maji ya rangi ya kutu muda mrefu mpaka fundi mwenyewe akaita vijana wake waje waone. Mkanda ulikuwa umepasuka upande wa ndani, tumeweka mwingine.

Leo nimepanda mpaka Mwika. Marangu Mtoni nimepita saa saba mchana jua kali, mshale uko chini kidogo ya nusu na haukusogea njia nzima. Hedi haijaguswa. Kiwango kwenye chupa ya akiba kiko kwenye alama ileile ya asubuhi, na ule mstari mweupe nimeutafuta kwenye rejeta mpya, haupo.

Kijana wa Pasua, yule fundi mwenye dawa ya bluu yuko radhi akupimie pikapu yako. Nimeshamwambia.