Zahanati ipi ya GP (daktari wa familia) imfae mama: ile kubwa yenye huduma nyingi au ile ndogo ya jirani?

Binti wa Pangani
Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mama yangu amewasili Leicester, Uingereza, wiki iliyopita, na inanipasa kumwandikisha kwa GP kabla dawa alizokuja nazo hazijamalizika. Zipo zahanati mbili. Ya kwanza ni kubwa, kuifikia ni mabasi mawili, na ukuta wake wa mapokezi umejaa matangazo: kundi la kutembea kila Jumatano, fiziotherapia, ushauri kwa wenye msongo wa mawazo, na mtu ambaye kazi yake ni kuwaunganisha wagonjwa na vikundi vya mtaani. Ya pili iko nyuma ya nyumba yetu, ina madaktari wawili tu, na sikuona tangazo lolote zaidi ya lile la chanjo ya mafua. Wenye uzoefu, nimpeleke wapi?

Mzee wa Northampton
Waalaykum salaam, binti yangu. Swali lako halijibiki likiwa hivyo. Mama ana umri gani, anaumwa nini, amekuja kwa viza gani, na Kiingereza anakijua? Kumwona daktari wa GP hakuna malipo, hata kwa mgeni wa matembezi, na utaratibu haumlazimishi mtu kuonyesha pasipoti wala uthibitisho wa anwani ili aandikishwe, ijapokuwa wapo watu wa mapokezi wanaoshikilia kinyume. Hospitali ni habari nyingine, kwa kuwa mgeni wa matembezi hutozwa asilimia 150 ya gharama kwa matibabu mengi.

Mama wa Pacha
Mimi ninasema kubwa. Mwenye umri wa miaka 40 hadi 74 huitwa kwa vipimo vya bure kila baada ya miaka 5, vya presha, kolesteroli na hatari ya kisukari. Mimi nilikutwa sukari inaninyemelea, kipimo cha wastani wa sukari (HbA1c) kikiwa 44, nikaingizwa kwenye programu ya miezi 9 ya kuizuia, na hadi leo sijaugua. Nilikuwa nikidhani ugali wa sembe hauna hatia. Zahanati kubwa ndizo zinazokumbuka kuita watu.

Binti wa Pangani
Mniwie radhi, nilikuwa na haraka. Mama ana miaka 61, ana kisukari kwa mwaka wa 4 sasa, anameza metformini, na goti moja humsumbua. Amekuja kumfuata baba, na ada ya afya ya viza imelipwa. Kiingereza chake ni cha salamu. Lakini lililonisukuma kuuliza ni upweke. Baba hufanya kazi usiku na hulala mchana, kwa hiyo mama akishaswali alfajiri huketi dirishani akihesabu mabasi hadi nirudi. Jana aliniambia yamepita 43.

Mfamasia wa Coventry
Kwa maelezo hayo, huduma mbili alizozitaja Mama wa Pacha hazimhusu mama yako. Vipimo vile ni vya watu ambao hawajagunduliwa maradhi kama hayo, na programu ya miezi 9 ni ya wale ambao kipimo chao kiko kati ya 42 na 47. Mwenye kisukari tayari anatakiwa kuchunguzwa miguu kila mwaka na kupelekwa kwenye mafunzo ya kuishi na ugonjwa huo, na hapo Leicester ndiko yalikochimbuka mafunzo yaitwayo DESMOND. Dawa hatazilipia, kwa kuwa ameshapita miaka 60.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba ukuta umekudanganya. Tangu 2019 zahanati jirani zimeunganishwa katika mitandao, kila mmoja kwa kawaida ukihudumia watu 30,000 hadi 50,000, na yule mwunganishi mara nyingi ni mwajiriwa wa mtandao, si wa zahanati moja. Inawezekana kabisa kwamba mtu huyo huyo huwahudumia wagonjwa wa zahanati ndogo. Ulizia mapokezi. Ulizia pia kama nyumba yenu imo ndani ya mipaka ya ile kubwa, maana wanaweza kumkataa aliye nje.

Shangazi wa Milton Keynes
Nami nieleze yaliyonikuta. Mama mkwe wangu alipokuja tulimwandikisha kwenye zahanati kubwa ya namna hiyo hiyo. Siku ya miadi sikupata ruhusa kazini, nikamtuma mwanangu wa miaka 14, aliyezaliwa hapa, akamfasirie bibi yake. Bibi aliona haya kutaja mambo ya choo mbele ya mjukuu, akasema kwa adabu, "Mwambie daktari ninaendesha tangu nianze hizi dawa." Mtoto akafasiri kwamba bibi ameanza kuendesha gari. Daktari akafurahi, akauliza kama ana leseni, akaandika kwenye kompyuta, na dakika 10 zikaisha.

Bibi alirudi akiamini ameambiwa avumilie. Kwa wiki tatu alimeza metformini na kukimbilia chooni, akakonda hadi bangili ikawa inamvuka mkononi, akaacha hata kwenda msikitini. Alirudi zahanati mara mbili, kila mara akakuta daktari mwingine ambaye hakumjua alipokuwa mnene. Aliyeng'amua ni mfamasia wa dukani, aliyetueleza kwamba dawa hiyo huwavuruga wengi tumbo na kwamba ipo aina inayoyeyuka polepole. Ilipobadilishwa, akatulia.

Kwa hiyo siku ya kuandikisha, hakikisha wanaweka kwenye kumbukumbu kwamba anahitaji mkalimani, ambaye ni bure, na uombe miadi ya muda mara mbili. Taja kwamba unataka Kiswahili cha Tanzania au Kenya, si cha Kongo.

Mama wa Pacha
Pole sana, Shangazi, ila kosa hilo si la ukubwa wa zahanati. Ni la kumtuma mtoto.

Shangazi wa Milton Keynes
Kosa langu nimelikubali. Lakini daktari mmoja anayekujua angeiona ile bangili.

Mwana wa Lubumbashi
Kiswahili chetu kimekosa nini? Mkalimani wangu wa kwanza alikuwa mtu wa Mombasa. Nilipomwambia natafuta munganga akanitazama kana kwamba nimeagiza hirizi.

Mzee wa Northampton
Alikosea, ndugu yangu. Hata kwetu Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari mwenye shahada. Turudi kwa mama wa watu. Huyo dawa yake ni watu, na watu wako msikitini na kwenye vyama vyetu, bila kusubiri rufaa ya mtu yeyote.

Mama wa Pacha
Msikitini goti halifanyiwi mazoezi, Mzee wangu.

Binti wa Pangani
Ahsanteni. Nimepiga simu zahanati ndogo: mwunganishi ni yule yule, hufika kwao Alhamisi, na foleni yake ni ya wiki kadhaa. Baba bado anaitaka ile kubwa. Mama ameuliza jambo moja tu, kwamba wale wa Jumatano hutembea wakizungumza lugha gani.

Mwana wa Lubumbashi
Na mvua ikinyesha hukutana?