Dodoma na watoto watatu kwa laki saba: SGR, basi au gari binafsi?

Mchumi_wa_Temeke
Wakuu, habari za mchana. Watoto wanafunga shule Juni na nimeshawaahidi kwamba safari hii hatuendi Kigamboni, tunakwenda kuona makao makuu ya nchi. Tupo watano: mimi, mama watoto, na watoto wa miaka 11, 7 na 3. Siku tatu, tunalala usiku mbili. Mfukoni nina laki saba, na kila kitu kiishie humo. Nimekwama kwenye usafiri, maana gari ninalo, IST ya kizamani lakini haijanisumbua. Na Dodoma kuna nini cha kumwonyesha mtoto zaidi ya Bunge?

BintiWaReli
Treni ya SGR, mkuu, usiumize kichwa. Ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, daraja la kawaida lilikuwa 31,000 kwa mtu mzima. Mwenye miaka 4 hadi 12 nusu nauli, chini ya hapo bure. Piga hesabu: nyie wawili 62,000, watoto wakubwa wawili 31,000, mdogo anapakatwa. Jumla 93,000, kwenda na kurudi 186,000. Angalia bei ya sasa kabla hujalipa. Mnafika kwa saa tatu na nusu hivi. Ukivuka Kilosa kuna mahandaki. Wanangu walipiga kelele kila giza lilipoingia, behewa zima likacheka. Beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, mimi niliulizwa.

Dereva_Mstaafu
Mwenye gari anapanda treni ili akifika akodi bajaji? Barabara ni kama kilomita 450, nenda rudi 900, na mizunguko ya mjini juu yake. IST itakunywa lita 65 hivi. Mnasimama Morogoro mnapotaka, mnakula mlichopika nyumbani, na mtoto akibanwa hasubiri stesheni.

BintiWaReli
Mzee wangu shikamoo, lakini hizo lita 65 zinakaribia laki mbili, yaani nauli ya treni ileile. Hapo hujaweka tochi za trafiki za kupima mwendo. Kuanzia Chalinze hadi Kibaigwa ni kibao cha fifty baada ya kibao cha fifty, faini moja tu imekula chakula cha mchana cha watu watano.

Dereva_Mstaafu
Marahaba binti. Kwenye fifty nenda fifty, hakuna atakayekuandikia. Ila nakubali, kama dereva ni mmoja atafika amechoka, na siku ya kwanza imeondoka.

Mgogo_Halisi
Mnabishania nauli wakati pesa inaliwa kwenye malazi. Mimi naishi huku. Juni ni Bunge la bajeti: wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara, wote wapo mjini. Chumba cha 30,000 unatajiwa 50,000, na watu watano mnahitaji viwili. Bunge la bajeti huahirishwa kuelekea mwisho wa Juni. Subirini hapo, mje wiki ya kwanza ya Julai, shule bado hazijafunguliwa. Ulizeni gesti za Area D au Makole, mjini ni karibu.

Ubaya wake, Bunge hamtalikuta linaendelea. Kama ni lazima watoto wakae kwenye jukwaa la wageni na kusikia Spika akiwatambulisha, anza mapema kupitia ofisi ya mbunge wenu, halafu ukubali bei ya Juni. Huwezi kupata vyote.

Vya bure vipo. Nyerere Square kuna sanamu ya Mwalimu. Msikiti wa Gaddafi ni mkubwa kweli, vaeni kwa heshima na muombe ruhusa. Chinangali Park kuna michezo ya watoto. Huyo wa miaka 11 mpandishe Mlima Simba asubuhi jua halijakaza, mji wote unauona. Wa miaka 3 abaki na mama yake. Na mje na masweta, upepo wa Julai huku si wa Dar.

Kaka_Mkubwa255
Nyongeza: michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, urithi wa dunia tangu 2006.

Mgogo_Halisi
Kolo ni kama kilomita 180 kutoka mjini, halafu kuna kupanda mlima. Kwa mtoto wa miaka mitatu hapana. Hiyo ndiyo safari ambayo gari analolitetea Mzee lingefaa.

SimuHaizimi
Mbona basi hamlitaji? Unapanda stendi ya Magufuli pale Mbezi, unashuka stendi ya Nanenane, Dodoma. Treni ikijaa ndilo litakalokuokoa. Mimi nilikwenda nalo na watoto wawili, kutwa nzima njiani, mmoja akatapika Gairo. Sirudii, ila tulifika.

Mchumi_wa_Temeke
Nimepiga hesabu upya. Treni 186,000, vyumba viwili usiku mbili kwa 30,000 ni 120,000. Jumla 306,000, inabaki 394,000 ya chakula, bajaji na zawadi. Tunakwenda Julai na treni. Mama watoto anauliza kama zabibu zitakuwepo.

Mgogo_Halisi
Mwambie shemeji zabibu nyingi ni Agosti na Septemba. Julai ataonja mlenda.