Springi tu, shokapu nzuri au koilova kamili: STI ya barabara za Uganda ifungwe nini?

BoxaNtinda
Wakuu, habari za jioni. Nina Subaru Impreza STI ya 2006, chesisi GDB, na miguu yake (springi na shokapu) bado ni ile ya kiwandani. Siku za kazi inazunguka Kampala, mwisho wa mwezi naipeleka Mbale kwa wazee, na zikitangazwa mbio za siku moja Busiika huwa natia jina. Kwa sasa mbele inagonga nikipita vituta vidogo, na kwenye zile kona za Mabira gari inalala kuliko ninavyopenda, halafu inachelewa kukaa sawa.

Nina njia tatu mezani. Ya kwanza ni springi za kushusha milimita 30, nibakize shokapu nilizo nazo. Ya pili ni shokapu mpya, KYB au Bilstein, na springi za kawaida au ngumu kidogo. Ya tatu ni koilova, yaani springi na shokapu za seti moja ambazo urefu wake unarekebishwa, na hapo macho yangu yako kwa BC Racing BR na Tein Flex Z. Bajeti ni kama milioni tano, inaweza kusogea kidogo. Nataka gari inayoshika barabara, urembo wa kuwa chini haunihusu. Aliyefunga kimojawapo na akaishi nacho kwenye barabara zetu, naomba anieleze.

MwambaMutukula
Mkuu, funga koilova, habari imeisha. Mimi nina BC kwenye GC8, Impreza ya zamani, na gari limebadilika kabisa. Urefu unauchagua mwenyewe, ugumu una hatua 30 za kuzungusha kwa mkono. Siku ya mbio unakaza, ukirudi nyumbani unalegeza. Zikichoka, mwili wa shokapu unafunguliwa na kujengwa upya, hununui seti nyingine. Springi peke yake ni kutupa hela, hapo nadhani hata wengine watakubali.

FundiWalukuba
Kijana, kabla hujatoa hata shilingi, kwanza tujue kinachogonga ni nini. Shokapu za STI yako zimefungwa kichwa chini. Lile bomba nene unaloliona ni ala tu. Shokapu yenyewe iko ndani, imegeuzwa, inateleza juu ya bushi zilizopakwa grisi. Grisi ikikauka, au vumbi la maramu likipenya kwenye sili, inaanza kucheza ndani ya ala na kugonga kwenye vituta vidogo, wakati mafuta yake ni salama kabisa. Watu wengi wanazitupa zikiwa nzima, na inaniuma kila ninapoona.

Vua mguu wa mbele, fungua boliti iliyo chini kabisa ya bomba, shokapu itatoka kwenye ala. Futa grisi ya zamani mpaka chuma king'ae. Pitisha ukucha juu yake. Chuma kikiwa laini pande zote, paka grisi mpya na urudishe. Ukihisi mikwaruzo inayoshika ukucha, hiyo imekwisha. Kisha ibonyeze kwa nguvu zako zote: inatakiwa irudi yenyewe, polepole, bila kukwama njiani. Ikibaki chini ilipo, gesi imetoka.

Cha pili, bushi za kontrolamu (mkono wa chini unaoshika gurudumu), hasa ile kubwa ya nyuma kwenye mkono wa mbele. Ingiza mtaimbo mdogo uisukume. Raba ikiwa imepasuka, gari litayumba hata ukifunga shokapu ya bei gani. Angalia pia boljointi na linki za stabilaiza (fito inayounganisha kulia na kushoto ili gari lisilale kwenye kona), maana nazo hugonga vilevile, na ni bei rahisi.

Kuhusu springi za kushusha juu ya shokapu za zamani, mimi nikiletewa nakataa. Ukishusha milimita 30 umezikata kwenye nafasi ya shokapu kubonyea. Kile kiraba cha njano kinachozuia shokapu isigonge mwisho kinageuka kuwa springi ya pili kila unapopita tuta. Barabara ya Jinja mnaijua ilivyo na matuta kila unapoingia kituo cha biashara. Shokapu iliyokwishachoka haifiki mbali kwa mtindo huo.

NyotaYaArua
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuanza na ukaguzi nakuunga mkono kabisa. Mimi naleta hesabu, kwa sababu watu wengi hununua ugumu bila kujua wanachouza.

Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 4 inataka uzito wa kilo 4 ili ibonyee milimita moja. STI ya BoxaNtinda ina kilo kama 1,450, na karibu asilimia 60 iko mbele. Ukitoa uzito wa gurudumu na breki, kila springi ya mbele inabeba kilo 380 hadi 400 hivi. Kwenye springi ya kilo 4, gari ikiwa imesimama tu, hiyo ni karibu milimita 100 za kubonyea. Kwenye springi ya kilo 8, ugumu ambao utaukuta kwenye koilova kadhaa zilizolenga mbio za lami, ni milimita 50. Sasa hizo milimita ndizo gurudumu linazotumia kushuka likikutana na shimo. Ukizikata nusu, tairi inaning'inia juu ya shimo badala ya kulifuata, na tairi iliyo hewani haishiki kona wala haisimamishi gari.

Angalieni magari yanayokimbia Pearl of Africa Rally. Yamesimama juu, na pesa imekwenda kwenye shokapu zenye mwendo mrefu (nafasi kubwa ya kubonyea na kurudi), zinazovumilia joto. Hakuna anayekwenda kwenye maramu na gari iliyolala chini.

Halafu kuna umbo la miguu yenyewe. STI hii ina mguu wa MacPherson mbele na nyuma. Isimamishe mahali tambarare, chungulia kontrolamu: upande wa gurudumu unatakiwa uwe chini kidogo kuliko upande wa bodi. Ukishusha mpaka mkono umelala sawa, au umeanza kuinuka kuelekea gurudumu, ile nukta ambayo bodi huizunguka kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari iliyo chini inataka kulala zaidi, na gurudumu halipati tena kemba (kuinamia ndani kwa juu) linapobonyea. Zipo boljointi ndefu za kurekebisha hilo. Lakini ya nini ulipie kushusha, halafu ulipie tena kutibu kushusha?

MwambaMutukula
Dada, hesabu nimeielewa, lakini ndiyo maana kuna kulegeza. Nikiwa mjini naweka hatua za chini kabisa, gari linakuwa laini.

NyotaYaArua
Kaka, kile kitufe kinabadilisha njia ya mafuta, springi inabaki ya kilo ileile. Ukilegeza sana kwenye springi ngumu, mafuta hayana nguvu ya kuishika inaporudi, gari inaanza kurukaruka baada ya kila tuta. Unahisi ni laini kwa sababu kishindo cha kwanza kimepungua. Pita mahali penye mawimbi kwa mwendo wa 80, uhesabu gari inaendelea kucheza mara ngapi baada ya kuvuka.

Koilova si adui. Ukizitaka, agiza BC na springi laini kuliko zile za orodha, wanakubali, na urefu urekebishe kwa kuzungusha mguu wa chini wa shokapu, usiibane springi. Hivyo mwendo wa shokapu unabaki uleule. Tein Flex Z ni ya bomba mbili, ina hatua 16, na kwa barabara ya mawe bomba mbili lina faida yake: jiwe likibonyeza ganda la nje, pistoni iko kwenye bomba la ndani, inaendelea na kazi. Bomba moja, kama la BC, likipata kibonyeo, pistoni inakwama hapohapo. Kwa upande mwingine bomba moja linatoa joto vizuri zaidi, na huko Busiika utalishukuru. Flex Z imezibwa, haifunguliwi. Ikichoka unabadilisha shokapu nzima.

SG9Tororo
Samahani kuingilia, ila kuna wenye Forester watasoma hapa. Forester nyingi za chesisi SG zilitoka na shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likipakiwa. Zikifa, nyuma inalala chini kama umebeba saruji, na fundi atakuambia weka shokapu za kawaida. Ni sawa, lakini badilisha na springi pia. Springi za mfumo ule ni laini kwa makusudi, kwa kuwa shokapu ilikuwa inabeba sehemu ya uzito. Ukibadilisha shokapu peke yake, nyuma itabaki chini vilevile. Mimi niliweka KYB na springi zake, gari limerudi kusimama.

BoxaNtinda
Nawashukuru sana. Mzee, nilifanya ulivyosema na makanika wangu. Upande wa kulia grisi ilikuwa imekuwa ugoro, chuma laini; baada ya kupaka upya umenyamaza. Wa kushoto una mkwaruzo mrefu na haurudi ukibonyezwa. Bushi kubwa za kontrolamu zote mbili zimepasuka. Kwa hiyo springi peke yake nimeifuta. Nabaki na shokapu mpya au koilova. Na hili la kulala kwenye kona, nikifunga shokapu mpya na springi za kawaida litaisha kweli?

MbaleWagwer
Sehemu kubwa itaisha, maana kuchelewa kukaa sawa ni shokapu. Kinachobaki kitibu kwa stabilaiza ya nyuma. Ya kiwandani kwako ni milimita 20. Whiteline wana ya milimita 22, na kwa sababu ugumu wa chuma cha duara unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hizo milimita 2 zinakupa karibu asilimia 46 zaidi. Gari inapunguza kukataa kona mbele, na springi hujazigusa, kwa hiyo mashimo unayapita kama mwanzo. Isipokuwa shimo la upande mmoja: hapo stabilaiza ngumu inalirusha gari bega na bega, ndiyo maana sikushauri ya 24 kwa Kampala.

Usisahau vishikizio vyake. Vile vya nyuma kwenye GD hukatika ukiweka stabilaiza nene. Nunua vilivyoimarishwa siku hiyohiyo.

Kuhusu koilova, hakuna aliyesema juu ya matope. Nyuzi zake zikijaa matope mekundu na kukauka, pete hazizunguki tena, unaishia kuzipiga patasi. Ukizifunga, zioshe kila baada ya safari ya maramu na upake grisi ya kuzuia kutu. Na zile maunti za juu (vishikizo vya kichwa cha shokapu kwenye bodi) za chuma zinazokuja mbele kwenye BC, vumbi likiingia zinalia. Kwa anayekwenda Mbale kila mwezi, raba ya kiwandani ni tulivu zaidi.

MwambaMutukula
Kwa matumizi aliyoyaeleza nakubali, njia ya pili. Angekuwa anakimbia lami tupu ningebaki na neno langu. Mkuu, ukiagiza, mpe muuzaji namba nzima ya chesisi. Usiseme "GD" tu. STI ya 2005 kuja juu ilihamia kwenye rimu za 5x114.3 (boliti tano kwenye duara la milimita 114.3) na baadhi ya vitu vya miguuni vilibadilika. Na ukitafuta Kisekka, soko la spea Kampala, shokapu ya mtumba usiichukue bila kuibonyeza kama mzee alivyoeleza. Afadhali mpya zote nne.

BoxaNtinda
Basi ni KYB nne, springi za kiwandani, bushi mpya na stabilaiza ya 22. Ikibaki pesa itakwenda kwenye tairi. Mzee, kuna la kumwambia makanika kabla hajaanza?

FundiWalukuba
Yako matatu, na yote huharibu kazi nzuri.

Boliti ya juu inayoshika shokapu ya mbele kwenye habu ndiyo inayoweka kemba. Kichwa chake kina alama. Aipige rangi au aikwaruze ilipo kabla ya kulegeza, ili gari liweze kuendeshwa mpaka kwenye alaimenti (kunyoosha magurudumu) bila kula tairi. Ukifika huko, mbele omba kemba ya kama nyuzi moja na nusu kwenda ndani, pande zote sawa, na magurudumu yaelekee mbele moja kwa moja.

Boliti za bushi za kontrolamu asizikaze gari likiwa juu ya jeki. Azibane kidogo tu, ashushe gari likanyage chini kwa uzito wake, alitikise, ndipo akaze. Akikaza miguu ikining'inia, bushi inabaki imejisokota kila siku na raba mpya inapasuka mapema.

Nati ya juu ya shokapu asiipige kwa bunduki ya upepo akiwa ameshika rodi kwa koleo. Koleo likikwaruza rodi, sili inaharibika mapema. Ashike kwa spana kwenye kichwa cha rodi, akaze kwa mkono. Na kila mguu ukitoka, apime maunti ya juu kwa kuizungusha. Ikikwaruza au ikilegea, nunua mpya wakati shokapu iko nje.