Naomba ushauri kabla sijatia saini mkataba wa mhudumu wa kwanza wa dharura: wajibu, usalama na sheria

BintiMaungu (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mkaazi wa Maungu, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na nimehitimu mafunzo ya mhudumu wa kwanza wa dharura, ngazi iliyo juu ya huduma ya kwanza ya kawaida lakini chini ya maparamediki. Kampuni moja ya ambulensi imenipa mkataba wa kuwa miongoni mwa wanaofika mwanzo kwenye ajali kati ya Voi na Mackinnon Road, na ninatakiwa kuurudisha ukiwa na saini kabla ya wiki hii kwisha. Kifungu cha wajibu kinasema tu kwamba nitatekeleza "majukumu yote yatakayohitajika katika eneo la tukio", na maneno hayo yananitia wasiwasi, kwa sababu najua nilichofunzwa na najua pia nisichofunzwa.

Mama yangu hataki niifanye kazi hii. Anasema kwamba majeruhi akinifia mikononi, jamaa zake watanishtaki, na kwamba barabara ile usiku haimjui msamaria wala mwenye makosa. Sipendi kumpuuza mzazi, wala sipendi kuiacha kazi niliyoisomea kwa moyo wote. Naomba wenye ujuzi mnieleze mipaka yangu ni ipi, nifanye nini majeruhi akikataa kuguswa au hospitali ikikataa kumpokea, na nikidungwa na sindano yenye damu ya mtu ni nani atakayenigharimia.

Mzee wa Zamu

Binti yangu, nimefanya kazi ndani ya ambulensi kwa miaka mingi katika barabara hiyo hiyo, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo vijana wengi huliruka wakidhani ni la woga. Wajibu wako wa kwanza ni kutokuwa majeruhi mwingine. Ukiumia, wenzako wana mtu mmoja zaidi wa kumhudumia na mkono mmoja pungufu wa kuhudumu, na yule uliyemkimbilia atangoja zaidi.

Mnapofika, usifungue mlango kabla hujaangalia. Tazama kama kuna waya wa umeme ulioanguka, kama kuna mafuta yanayotiririka na yanaelekea upande gani, kama kuna moshi, na umati una hali gani. Gari lenu lisimamishwe mahali ambapo litawakinga na magari yanayokuja, taa zikiwaka, na usiku usishuke bila vesti inayoakisi mwanga, kwa sababu dereva wa lori aliyetoka bandarini na anayesinzia hataiona sare yako ya buluu.

Likiwa ni lori la mafuta, tafuta kile kibao cha rangi ya chungwa kilicho nyuma au ubavuni. Nambari ya juu ikiwa 33 na ya chini ikiwa 1203, hiyo ni petroli. Hapo husogei. Mnarudi nyuma, mnasimama upande upepo unakotoka na mahali palipoinuka, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa bondeni, mnawaita wazima moto, na mnawasihi watu waondoke. Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori lilipinduka, watu wakaja na madebe kuteka petroli, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Kila ninapofundisha vijana huwasimulia habari ya Sachangwan, kwa sababu siku kama ile kumwondoa mtu mzima mwenye debe mkononi ndiyo huduma kubwa kuliko bandeji zote zilizomo mkobani.

Dada wa Msamvu

Naandika kutoka Morogoro, Tanzania, na maneno ya mzee yamenigusa, kwani na sisi yalitufika hapa Msamvu tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka, na waliopoteza maisha nao walizidi 100. Dada yangu, ukishasimama mbele ya umati wa namna hiyo, sauti yako peke yako haitoshi. Jitambulishe, kisha mtafute mtu anayesikilizwa pale, awe mwenyekiti wa bodaboda, mzee wa mtaa au askari, umpe kazi mahususi ya kuwaondoa watu.

Kwetu huku kuna jambo la fomu ya polisi, PF3, ambayo majeruhi wa ajali huulizwa anapofika hospitalini, na nimeona ndugu wakizunguka kuitafuta huku mgonjwa akiendelea kutoka damu. Kwa yeyote wa Tanzania atakayepita hapa, mpeleke majeruhi hospitalini moja kwa moja na mwingine mmoja aende polisi, mambo hayo mawili yaende kwa wakati mmoja. Sheria za Kenya nawaachia wenyewe.

Mkweli Mtupu

Mimi ninamuunga mkono mama yako. Jamaa za marehemu hawaulizi ulifunzwa ngazi gani, bali huuliza nani alikuwa wa mwisho kumgusa. Kampuni ina mawakili na wewe huna. Usitie saini.

Wakili wa Ukwaju

Ndugu Mkweli, hofu yako ina msingi, ila hitimisho lake silikubali. Nitaeleza sheria ya Kenya kwa jumla, na dada yetu aupeleke mkataba wenyewe kwa wakili auone kwa macho.

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 7, imeyafafanua matibabu hayo kuwa ni pamoja na huduma inayotolewa kabla ya kufika hospitalini, kuiimarisha hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale kituo kilichompokea mwanzo kisipokuwa na uwezo. Maana yake ni kwamba kazi yako ya kando ya barabara ni sehemu ya haki ya huyo majeruhi. Kituo cha afya kinachokataa kutoa matibabu ya dharura ilhali kina uwezo kinatenda kosa, na kikipatikana na hatia faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Wengi tunakumbuka mwaka 2015, pale majeruhi mmoja jijini Nairobi alipokaa ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafariki. Kwa hiyo ukiambiwa langoni kwamba hakuna amana hakuna huduma, usibishane kwa kelele. Mwombe muuguzi wa zamu amtazame mgonjwa, taja kwamba hii ni dharura, andika saa na cheo cha aliyekujibu, umpigie msimamizi wako, na usimwache mgonjwa peke yake hata kidogo.

Sasa kuhusu wewe mwenyewe. Mahakama haikuulizi kwa nini hukufanya kazi ya daktari. Inauliza kama ulitenda kwa uangalifu ambao mtu mwenye mafunzo kama yako angetarajiwa kuwa nao. Kanuni ya Adhabu inamwajibisha mtu anayejitwika kumtibu mwenzake kisha akafanya hivyo kwa uzembe au kwa pupa, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi unapovuka mipaka ya mafunzo yako, kwa mfano unapotoa dawa au kudunga sindano usiyoidhinishiwa kwa sababu tu umati unakupigia kelele ufanye kitu. Kubana damu inayovuja, kufungua njia ya hewa, kubonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kuzuia shingo isicheze na kumkinga majeruhi na baridi ni mambo yako, na kuyaacha bila sababu ukiwa zamu ndiko kunakoweza kukuletea mashtaka. Vilevile, ukishaanza kumhudumia mtu huwezi kumwacha hadi umkabidhi kwa mwenye mafunzo sawa na yako au zaidi, isipokuwa mahali penyewe pamegeuka kuwa hatari kwako.

Hicho kifungu cha "majukumu yote" kirekebishwe kiseme "majukumu yaliyo ndani ya mafunzo na cheti chake". Kampuni iliyo makini haitakataa marekebisho hayo, na inayokataa imekuonyesha mapema itakavyokutendea siku ya kesi. Uliza pia cheo chako katika karatasi: mwajiriwa au mtu wa kujitolea? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa, na mwajiri anatakiwa kuwa na bima kwa ajili hiyo. Ukiandikwa kuwa mtu wa kujitolea, dai bima kwa maandishi kabla ya zamu ya kwanza.

Na simu yako ibaki mfukoni. Habari za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha ya majeruhi aliyelala barabarani, ikitoka kwako kwenda kundi la WhatsApp, inaweza kukupeleka mahakamani haraka kuliko kifo unachokihofia.

Muuguzi wa Casualty

Mimi huwapokea mnaowaleta, kwa hiyo nitazungumzia makabidhiano, maana hapo ndipo kazi nzuri ya barabarani hupotea bure. Mara nyingi mhudumu huingia, husema "ajali ya matatu", kisha huondoka. Ninachokihitaji ni saa ya ajali, namna ilivyotokea, majeraha uliyoyaona, alivyokuwa anapumua na kuitikia ulipomkuta na alivyo sasa, na ulichomfanyia. Usiku mmoja kijana alimleta mwendesha bodaboda aliyekatika mguu, na juu ya utepe uliobandikwa kwenye paji la uso aliandika kwa kalamu nzito saa aliyoifunga turniketi, yaani mkanda unaokazwa kwenye mguu au mkono ili kuzuia damu isivuje. Daktari wa upasuaji aliisoma kabla hata hajavaa glavu. Turniketi hukaa kama sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, haikai juu ya kiungo kama goti, na usiilegeze njiani ili "damu ipite kidogo", kama wengine wanavyodhani.

Suala la mali ya majeruhi halijatajwa, nami nalichukulia kwa uzito kwa sababu wizi kwenye ajali zetu unajulikana. Ukiitoa pochi au simu ili umtambue mtu, fanya hivyo mbele ya shahidi, hesabu fedha kwa sauti, ziandike, na uzikabidhi kwa polisi au kwetu kwa saini. Nguo zenye tundu la risasi au kisu usizikate kupitia tundu hilo, kata kando yake, kwani polisi watazihitaji. Aliyekwisha kufa usimhamishe kabla polisi hawajafika, isipokuwa anazuia njia ya kumfikia aliye hai.

Kuhusu sindano, anza kujikinga sasa hivi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huchomwa mara tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, na wewe unaikamilisha kwa faida yako hata kama kampuni haijakukumbusha, ingawa ni haki yako kuwaomba wailipie. Ukidungwa, osha mahali hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, usipakamue, mjulishe msimamizi, na uje kwetu saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha utazimeza kwa siku 28. Tukio hilo liandikwe kwenye daftari la kampuni siku hiyo hiyo, kwa sababu bila maandishi hayo madai yako ya fidia yatakuwa magumu kuthibitisha.

BintiMaungu

Nawashukuru kwa dhati. Nimemsomea mama majibu yenu yote, na swali lake moja ndilo limebaki, nami sikuwa na jibu lake. Anauliza: mtu mzima aliyepata ajali akiwa amelewa, damu inamtoka kichwani, naye anakusukuma na kusema hataki kuguswa, je, unamwacha aende zake?

Wakili wa Ukwaju

Mama yako ameuliza swali zito. Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, na kumshika kwa nguvu kunaweza kuwa kosa. Lakini ridhaa, na vilevile kukataa, humhitaji mtu awe anaelewa anachoambiwa. Mlevi aliyegongwa kichwa huenda haelewi, na pombe na jeraha la ubongo hufanana mno mtu akiyatazama barabarani. Mwulize jina lake, yuko wapi, ni siku gani na nini kimetokea. Akishindwa, mchukulie kuwa hana uwezo wa kuamua kwa wakati huo, umhudumie kama unavyomhudumia aliyezirai, kwa upole, huku ukiita polisi na kumtafuta ndugu au rafiki wa kumtuliza. Na kwa mtoto ambaye mzazi wake hayupo, usingoje mzazi afike ilhali uhai wa mtoto umo hatarini.

Akijibu yote sawasawa na bado anakataa, mweleze wazi, kwa lugha anayoielewa, kwamba anaweza kuvuja damu ndani ya fuvu na akafa baada ya saa kadhaa, mwombe atie saini fomu ya kukataa huduma, na akikataa hata hiyo, shahidi atie saini kwamba ameyasikia maelezo yako. Mwachie nambari 999 na 112, mwambie aliye naye dalili za kuangalia, yaani kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa na degedege, na mwambie pia kwamba anaruhusiwa kubadili mawazo na kuwaita tena wakati wowote.

Mzee wa Zamu

Naongeza moja tu kwa mama. Mlevi wa namna hiyo usimkaribie peke yako, mwenzako awe ubavuni, na akiwa na chupa au jiwe mkononi mnarudi garini na kufunga milango hadi polisi wafike. Mkataba ukirekebishwa, binti, nitumie ujumbe wa faragha nikueleze ni vifaa gani uvidai kabla ya zamu ya kwanza, kuanzia glavu, miwani ya kukinga macho na viatu vyenye ncha ya chuma.