Feloshipu ya mwandishi au ruzuku ya kikundi: nianze na ipi?

Kalamu_ya_Mtaa
Wadau, habari zenu. Nina miaka sita kwenye utangazaji wa redio, na pia ni katibu wa kikundi cha mazingira chenye wanachama kumi na wanane. Kabla mwaka haujaisha nina nafasi ya kuandika ombi moja tu la maana. Mwaka jana niliandika matatu kwa mpigo, yote yakawa mepesi, yote yakakataliwa. Ninazozipima: feloshipu (nafasi za masomo na utafiti kwa waandishi) za Nieman ya Harvard na Reuters Institute pale Oxford, ruzuku ya Pulitzer Center, shirika la Marekani linalofadhili habari, na kwa upande wa kikundi UNDEF au Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia. Umri wangu ni miaka 37. Aliyepita njia hizi anishike mkono.

Mhariri_wa_Usiku
Karibu dada. Kwanza tenganisha mambo mawili. Nieman na Oxford zinakuchukua wewe na kukutoa kazini. Nieman, iliyoanza 1938, ni mwaka mzima wa masomo. Wanataka uwe na angalau miaka mitano kazini, mwishoni hupewi shahada, na mwenzi wako anakaribishwa kushiriki masomo. Watu hulipita hilo la mwenzi haraka, lakini kwa mwenye familia ndilo linaloamua. Oxford ni miezi michache tu, na unakwenda na swali lako la utafiti kuhusu uandishi wa habari.

Swali ndilo kila kitu. Nilipoomba feloshipu moja mara ya kwanza niliandika kuhusu "mustakabali wa redio", nikakosa. Mara ya pili niliuliza kwa nini wasikilizaji wanawake hawapigi simu kwenye kipindi kimoja cha asubuhi. Nikapata.

Bint_Habari
Kwa umri wako, mbili zimeshakupita: Dag Hammarskjöld, inayowapeleka waandishi New York kuripoti Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na Alfred Friendly ya Marekani. Zote ni za miaka 25 hadi 35. Naziandika kwa ajili ya wadogo zetu wanaosoma uzi huu. Wasisubiri.

Mimi ningechagua Pulitzer Center. Huachi kazi. Unaeleza habari yako kwa ufupi sana, kama maneno 250, unaambatanisha bajeti, kazi zako zilizokwisha kutoka, majina ya watu wanaokufahamu kikazi, na mpango wa itakakochapishwa au kurushwa. Hapo kwenye mpango ndipo wengi tunapoangukia: habari ni nzuri lakini hakuna mhariri aliyekubali kuipokea. Na fedha ni ya gharama za kuifuata habari, safari hasa. Usiihesabu kama mshahara.

Mweka_Hazina
Niongee upande wa kikundi, maana nimeshika vitabu vya hesabu miaka tisa na naona mnaupita.

UNDEF ni mfuko wa demokrasia wa Umoja wa Mataifa, ulianzishwa 2005. Ruzuku zake zimekuwa kati ya dola 100,000 na 300,000, na maombi ni kwa Kiingereza au Kifaransa. Dada, kikundi chako ni cha mazingira. Mkiomba huko itabidi mjigeuze ili mfanane na mfadhili, na mkipewa mtafanya kazi isiyo yenu kwa miaka miwili. Halafu jiulize: kiasi kikubwa kabisa mlichowahi kukitolea hesabu ni kipi? Kama ni dola elfu mbili, laki moja itawavunja. Nimeshuhudia kikundi kizuri kikifa kwa ruzuku kubwa. Hakuna aliyeiba. Stakabadhi hazikutunzwa, ripoti ikachelewa, wanachama wakaanza kutuhumiana, na watu waliokuwa kama ndugu hawasalimiani mpaka leo.

Mpango wa GEF unawafaa zaidi. Upo tangu 1992, unaendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na fedha huenda moja kwa moja kwa vikundi na asasi. Kwa muda mrefu kikomo kilikuwa dola 50,000, lakini si lazima muombe hadi kikomo. Kila nchi iliyomo ina mratibu wake na kamati inayopitisha maandiko ya miradi, kwa hiyo mnaweza kwenda kuuliza kabla ya kuandika. Pia mtatakiwa kuonyesha mchango wenu, na nguvu kazi na vifaa vinahesabika. Anzeni sasa kuandika saa mnazojitolea.

Mpita_Njia
Niongeze tahadhari. Orodha nyingi zinazosambazwa ni za zamani. Bado naona watu wakitumiwa fursa za USAID, shirika la misaada la Marekani, ambalo lilifungwa 2025. Na ukiambiwa ulipe ada ili ruzuku "ifunguliwe", huo ni wizi. Kikundi chetu kilichangishana, tukampa wakala, hakupatikana tena.

Kalamu_ya_Mtaa
Pole sana Mpita_Njia. Na Mweka_Hazina, umenigusa, kwa sababu kiasi kikubwa tulichowahi kushika hakifiki hata hizo elfu mbili. UNDEF naiacha. Nilitaka sana Nieman, lakini mama yangu ni mgonjwa na siwezi kuwa mbali mwaka mzima. Je, nikiomba Pulitzer Center kwa habari ya mto ambao kikundi chetu kinausafisha, kuna ubaya?

Bint_Habari
Upo. Wewe ni katibu, kwa hiyo unajiripoti mwenyewe. Tafuta mto mwingine, au mwambie mhariri wako mapema na ombi lenyewe liseme wazi.

Kalamu_ya_Mtaa
Nimeelewa. Nitachukua habari ya viwanda vya juu ya mto, ambako kikundi hakifanyi kazi, na nafasi yangu ya ukatibu nitaitaja kwenye ombi. Jumatatu namwona mhariri kwanza. Mweka_Hazina, naomba unionyeshe daftari la saa za kujitolea mnalipangaje.

Mweka_Hazina
Tarehe, jina, kazi, saa alizoanza na kumaliza, sahihi. Sahihi msiiruke hata siku moja.